Ala ya Kivuli cha Gari la Kliniki

Kitu cha kukunjwa kipimeni kikiwa kimelowa. Kimwagieni maji kwanza, mkikunje vibaya, kama atakavyokikunja dereva mwenye njaa huku mvua inampiga mgongoni, ndipo mshike futi. Mkikipima kikiwa kikavu, kimekunjwa kwa adabu na nyie wenyewe mafundi, mtashona kitu kizuri mno ambacho hakitamaliza wiki mbili. Nasema ninachokijua, maana nilikishona.

Nimeanza na hilo kwa sababu nyie vijana husikiliza mwanzo tu, mengine mnasema mzee anapiga soga. Yupo mmoja jirani yangu hapa Katandala, ana cherehani ya umeme. Kila asubuhi akipita ananirushia "Mambo vipi mzee," anapiga hatua tatu, anakumbuka, anarudi: "Aah, shikamoo babu." Namwitikia marahaba, maana ana moyo mzuri na mishono yake imenyooka. Ila haoni haja ya kupaka nta kwenye uzi. Anasema siku hizi kuna gundi. Tunabishana mpaka chai inapoa.

Mimi naitwa Kalisto. Nimeshona maturubai katika mji huu wa Sumbawanga mpaka vidole vikagoma: ya malori ya mahindi, ya harusi, ya misiba, na vifuniko vya mashine za kusaga. Kazi nilifundishwa na mzee Tito, Mungu amrehemu, mtu mfupi aliyekuwa hacheki mpaka mteja aondoke. Neno lake kubwa lilikuwa hili: "Mvua haipiti kwenye turubai, Kalisto. Mvua inapita kwenye tundu la sindano." Ndiyo maana uzi wetu tuliupitisha kwenye nta ya nyuki, ili ukiingia tunduni unajaza tundu. Nta unaichemsha mara mbili, unaichuja kwa kitambaa, unapitisha uzi, halafu unaufuta. "Kupaka kila mtu anaweza," alikuwa akisema. "Kufuta ndiyo kazi."

Mwaka wangu wa kwanza kwake niliunga turubai la lori, nikalaza kipande cha nyuma juu ya cha mbele. Mdomo wa mshono ukawa unatazama mbele, gari likikimbia upepo unausukumia mvua ndani. Lori lile lilitoka Mwimbi na mahindi kwenye masika, likakwama njiani siku kadhaa. Lilipofika hapa gunia za juu zilikuwa zimeanza kuota majani. Nilijua nitafukuzwa. Mzee Tito akachukua punje moja iliyoota, akaniwekea kiganjani. "Kaipande mlangoni kwako, uione kila ukitoka." Niliipanda. Ikazaa hindi moja zuri, nikampelekea likiwa limechomwa, akalila lote bila kunikaribisha.

Sasa nije kwa Fausta, maana bila yeye hakuna cha kusimulia.

Fausta ni mke wangu. Ni muuguzi, sasa naye amestaafu, na hapa ninapoandika yuko uani anapepeta ulezi na kuniuliza kama nimeshamwandika vibaya. Miaka ile alikuwa kwenye kliniki ya mkoba, ile kliniki inayowafuata watu kwa gari badala ya watu kuifuata. Kila mwezi, siku yao ikifika, walishuka bondeni upande wa Kaoze kupima watoto na kuchanja. Kwenye kituo kimoja huko hapakuwa na jengo wala mti wa maana. Akina mama walikaa juani na vichanga vyao, wengi wao wake wa Wasukuma waliohamia na ng'ombe, wametembea tangu alfajiri. Mkubwa wa kazi akasema wazi: chanjo haifunguliwi juani. Pasipo na kivuli, hakuna kituo. Na bila kituo kile, mama alikuwa na safari ya siku nzima na mtoto mgongoni kwenda zahanati ya karibu. Fausta alikuwa anajua ni wangapi wasingekwenda.

Kivuli kikapatikana kwa bahati. Wazungu wawili, mtu na mkewe, walikuwa wakizunguka nchi na gari lenye kitanda na jiko ndani. Likawafia hapa mjini, na mume akashikwa na malaria juu yake. Alipopona waliamua kurudi kwao kwa ndege. Pembeni mwa gari lile palikuwa na turubai la kukunjua: unalivuta, unalisimamishia miguu miwili, linakuwa kibaraza. Wakalitoa zawadi kwa waliomtibu. Likafungwa kwenye keria ya gari la kliniki, na wote tukaliita kivuli, basi.

Ila lilikuja uchi. Mfuko wake wa asili ulikuwa umeoza kwa jua. Turubai la namna ile likisafiri bila kufunikwa, vumbi la bondeni linalisaga kama msasa, miiba inalichana, na lingine hapa hulipati. Fausta akaja kwangu kibandani kama mteja, akasimama upande wa wateja kabisa.

"Fundi, nataka ala," akasema.

"Ya panga au ya kisu?"

"Ya kivuli. Na usinicheke, Baba Gaude, kivuli hiki kikichanika kituo kimekwisha."

Baba Gaude ndiyo mimi, Gaudensia ni binti yetu wa kwanza. Nikamwambia akalale usingizi, mumewe ni fundi.

Ala ya kwanza ndiyo ile niliyopima kikavu. Niliishona kwa turubai la plastiki, ikabana vizuri kama soksi, zipu kutoka huku mpaka kule. Nilijisifu mtaa mzima. Safari ya kwanza tu, mvua ikawakuta. Dereva, Swetibeti, akakunja kivuli kikiwa kinachuruzika, kimevimba, akakisukumia ndani kwa goti na zipu ikapasuka. Kilichoingia kikabaki humo na maji yake, na plastiki haipumui. Baada ya siku chache Fausta alipokifungua kilinuka ukungu, kina madoa meusi. Alikisugua kwa limau na chumvi Jumamosi nzima. Hakunisema. Alikuwa akinitazama tu kila akibadilisha limau.

Basi nikashona ya pili, na hapa ndipo nataka mnisikilize kwa masikio yote. Mtu akikosea upande mmoja, hasira humpeleka upande wa pili mpaka anaangukia huko. Ya kwanza ilibana, nikaifanya ya pili pana, hata baada ya kivuli kuingia palibaki nafasi ya kulaza mtu mwembamba juu yake. Ya kwanza haikupumua, nikaacha matundu huku na huku, makubwa, ngumi inaingia. Ya kwanza ilikuwa ya plastiki, ya pili nikatumia turubai zito la pamba. Na kwa kuwa pamba hunyonya maji, sikuishia kupaka nta kwenye uzi. Nilipaka turubai lote kwa ndani.

Nta niliinunua sokoni kwa wauza asali, ikiwa bado na utamu wake. Kuchemsha mara mbili kungenichukua siku nzima na safari ilikuwa imekaribia. Nikaiyeyusha mara moja, nikapaka, sikufuta. Mzee Tito alikuwa ameshakufa, nani angeniuliza?

Fausta aliingiza kichwa kwenye ala ile, akavuta pumzi. "Mh! Inanukia vizuri. Nyuki wataipenda."

"Nyuki wana kazi zao," nikamjibu.

Nyie mliozaliwa kwenye nyumba za wafuga nyuki mmeshaanza kucheka. Wazee wetu wakitaka nyuki waingie mzinga hufanyaje? Huchukua gome refu la duara, huliacha wazi kidogo huku na huku, hulipaka nta kwa ndani, hulitundika juu. Mimi nilikuwa nimefanya hivyo hivyo, hatua kwa hatua, nikautundika kwenye gari la serikali.

Gari likaharibika, likasubiri kipuri wiki kadhaa, limeegeshwa chini ya mikaratusi iliyokuwa imechanua. Swetibeti aliona nyuki wanazunguka keria, akadhani wamefuata maua. Siku ya safari waliondoka alfajiri, na mnajua baridi yetu ya huku juu mwezi wa sita, hata kuku hatoki bandani. Nyuki nao walikuwa wamejikunyata humo ndani, kimya. Gari likateremka mlima. Kule bondeni joto linakungoja chini. Walipofika kituoni jua lilikuwa limeshika, na wapangaji wangu walikuwa wameamka.

Sikuwepo. Aliyenisimulia ni Swetibeti. Alifungua ala, akavuta, na nyuki wakatoka wote pamoja wakiwa na hasira ya kutikiswa njia nzima. Akina mama walikuwa wameshakaa pale kivuli kinapoangukia, kama walivyozoea. Kila mmoja akanyakua mtoto akakimbia. Mmoja, anaitwa Kabula, alikuwa ameshamvua mtoto wake nguo kwa ajili ya mzani. Alijikwaa akaanguka, mtoto chini. Fausta akamlalia yule mtoto. Alimwingiza chini ya tumbo lake, akajifunika kanga kichwani, akabaki pale mgongo juu. Aliyewaokoa ni baba mkwe wake Kabula, mzee Luhende, aliyekuja na kinyesi cha ng'ombe kinachofuka moshi, akawaswaga nyuki pole pole. Alipomaliza akachungulia ndani ya ala, akatikisa kichwa. "Aliyetengeneza mzinga huu anajua. Wa kwangu hauna nyuki mwaka wa pili."

Mtoto, Minza, aliumwa mara mbili tu, sikioni na shavuni. Za Fausta hazikuhesabika.

Jioni ile aliingia nyumbani uso umevimba, jicho moja halionekani. Nilimkalisha kwenye kigoda nikamtoa miiba kwa kukwangua na mgongo wa kisu, shingoni, mikononi, mgongoni. Usiubane mwiba wa nyuki kwa kucha, unajidunga sumu iliyobaki, kwangua. Nilikwangua huku machozi yananitoka, sioni aibu kuwaambia. Nilikuwa nimempa mke wangu mzinga nikamwambia ni ala.

"Mama Gaude, nisamehe."

"Wanasema kosa moja haliachi mke," akasema. "La mume hawakusema. Na wewe uko kwenye la pili."

Nikacheka nikilia. Yeye hakucheka, mdomo ulikuwa unamuuma.

Tulidhani yameisha. Mwezi uliofuata alishuka na kivuli kikiwa kimefungwa kwa kamba tu, bila ala. Walikuja mama wanne, wakasimama mbali juani, wakakataa kukaribia gari. Kabula hakuwepo. Mkubwa wa kazi akasema mwezi mmoja tena, wakiwa wachache hivyo kituo kinafutwa. Fausta aliniambia hayo akiwa amesimama mlangoni, viatu bado mguuni. "Miaka yote hii walinizoea mimi. Sasa wananiogopa. Na mimi siwalaumu."

Kosa langu, kituo chake. Sikula siku ile.

Kesho yake nilianza ala ya tatu. Nililowesha kivuli kisimani, nikamwita Swetibeti akikunje. Alikikunja vibaya kweli kweli, Mungu ambariki, nikapima hapo hapo nikaongeza vidole viwili, si zaidi. Nta nikaichemsha mara mbili, nikaichuja, nikaipaka kwenye uzi peke yake, nikaufuta kila pima moja mpaka kitambaa kikatoka safi. Matundu ya hewa nikayafanya madogo, nikayaziba kwa chandarua tabaka mbili. Zipu nikaachana nayo, nikaweka mikanda na bakoli za chuma za kuibania, maana bakoli hata mtu mwenye haraka anaiweza. Mdomo nikauelekeza chini, maji yasipate pa kukaa. Mishono yote inatazama nyuma. Na nikaifanya itoke yote kwenye keria, ifuliwe, ianikwe.

Kilikuwa kimebaki kitambaa cha ndani. Nilitaka cheupe, ili kila kinachotambaa kionekane. Fausta akanitolea magauni yake mawili ya kazi, yaliyochakaa makwapani. Niliyafumua nikayashona humo, na kwenye kona moja mfuko wa kifuani ukabaki, ule wa kuwekea kalamu. Ningeweza kuubandua. Sikuubandua.

Siku ya safari nikapanda gari nao. Swetibeti alishangaa. "Fundi, nawe unakwenda kupimwa uzito?" Njia nzima ya kuteremka mlima niliishika ile ala mapajani, sikutaka hata ipande kwenye keria.

Tulipofika walikuwepo, labda kumi na watano, wamekaa mbali kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa zizi. Walimsalimia Fausta kwa heshima, hakuna aliyeinuka. Nikaenda mbele yao na ala yangu. Mficha uchi hazai, wanasema, basi nikasema: jina langu Kalisto, mimi ndiye mume wa nesi, na mimi ndiye niliyeshona kile kitu kilicholeta nyuki. Yeye aliniambia, mimi sikusikia. Msimwogope yeye.

Mama mmoja akanong'ona, "Kumbe ndiye Fundi Nyuki," na jina hilo sijalivua mpaka leo.

Nikaigeuza ala ndani nje, kama tunavyogeuza utumbo wa mbuzi wakati wa kuosha, nikawapitishia waiguse. Wakaunusa mshono. Mmoja akaingiza kidole kwenye ule mfuko wa kalamu, akamtazama Fausta, akaelewa, akampa mwenzake. Lakini waliendelea kukaa.

Mwishoni kabisa alikuwa Kabula. Minza alikuwa mapajani mwake, shavu limepona, sikio bado na kovu dogo. Akasimama, akanisogelea, akanitazama kama mtu anayechagua ng'ombe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama."

"Sasa kifungeni kile kivuli ndani ya hiyo ala yako, kipande garini, gari lizunguke na mashimo yake, lirudi. Kisha kifunguliwe." Akanipa mtoto. "Na wakati kinafunguliwa, chini yake usimame wewe. Na huyu mkononi."

Nilimtazama Fausta. Alikuwa amejishika mdomo. Kwa sheria zake za kazi angeweza kukataa, na kwa moyo wake pia, lakini alijua kama nilivyojua kwamba hapo ndipo kituo kingepona au kufa. Akanisogelea, akanifunga ile kanga yake mabegani, ile ile. "Ikitokea chochote," akaniambia kwa Kifipa, ili wengine wasisikie, "ulale juu yake."

Swetibeti akazunguka na gari kwenye matuta na mashimo mpaka keria ikalia. Akarudi. Nikasimama chini ya keria, Minza kifuani, mkono wangu juu ya kichwa chake. Nimeshona maturubai mengi maishani, vijana, yamefunika mahindi na maharusi na majeneza, sikuwahi kusimama chini ya hata moja nikiwa naomba. Bakoli ya kwanza ikafunguka. Ya pili. Ya tatu. Nilimhisi Fausta amekuja kusimama nyuma yangu, mgongo wake umegusa wangu.

Kivuli kikateremka. Kilinuka sabuni.

Nikasubiri, wakasubiri, hata nzi hakuja. Halafu nikasikia joto tumboni, likashuka polepole mpaka gotini, nikatazama chini. Minza alikuwa ananikojolea, bila haraka yoyote, macho yake yamenitulia usoni.

"Turubai gani hilo linavuja!" akasema Kabula.

Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu, na mzee Luhende akacheka kule zizini bila kujua kilichotokea. Huku wakicheka wakainuka, mmoja mmoja, na watoto na kadi zao, wakaja wakakaa. Fausta akamchukua Minza mikononi mwangu, akamtundika kwenye mzani, akasoma kwa sauti ili wote wasikie: ameongezeka.

Kivuli kikajaa, hapakubaki pa kukanyaga. Mimi nikatoka kuwapisha, nikasimama juani, na suruali yangu ikakaukia huko huko.